Maji Yaliyolala na Homa ya Mapafu

Mtu akirudi safarini na kikohozi, hukumu hutolewa kabla hajafika hospitali: ni AC ya hotelini. Mama mkwe atasema, jirani atasema, hata kijana wa bodaboda aliyempeleka kituo cha afya atatia neno lake. Mashine ile ya ukutani imebebeshwa lawama kuliko inavyostahili. Ni kweli wapo vijidudu vya homa ya mapafu wanaopenda mitambo ya majengo makubwa, lakini hawakai kwenye kiyoyozi cha chumba chako wala cha gari lako, kwa kuwa hivyo havitumii maji kupoza hewa. Wao wanakaa majini. Ukitaka kuwatafuta, achana na ukuta, ingia bafuni, kisha panda juu ya paa kwenye tangi.

Bakteria huyo anaitwa lejionela. Ni mkazi wa kawaida wa mito, maziwa na visima, na huko hasumbui sana kwa sababu idadi yake ni ndogo. Balaa huanza anapoingia kwenye mabomba yetu akakuta joto la wastani, maji yasiyotembea na utelezi wa kujificha. Chini ya nyuzi 20 za Selsiasi anasinzia. Kati ya 25 na 45 anazaana, na raha yake kamili ni karibu na 37, joto la mwili wa binadamu. Yakifika 60 anaanza kufa. Sasa chukua tangi jeusi la lita 2,000 juu ya paa la nyumba Temeke au Likoni, mwezi wa Februari, saa nane mchana. Maji ya bombani saa hizo ni ya uvuguvugu, mtu anaoga bila hita na kulishukuru jua. Joto hilohilo ndilo analolitafuta lejionela.

Na ule utelezi si uchafu wa kupuuza. Chukua spana ufungue kichwa cha shawa ambacho hakijaguswa tangu nyumba ijengwe. Kwa ndani utakuta magamba meupe ya chumvi ya maji ya kisima, na chini ya magamba utando wa kijivu unaovutika kidoleni kama mlenda. Ndani ya utando huo wanaishi amiba, viumbe wadogo ambao chakula chao ni bakteria. Lejionela naye humezwa, ila akishamezwa hafi. Hugeuza tumbo la amiba kuwa nyumba, akazaana humo mpaka mwenye nyumba apasuke. Akifika kwenye mapafu ya mtu hukutana na chembe za kinga ambazo kazi yake nayo ni kumeza vijidudu, akazifanyia vilevile. Likumbuke hili, tutalihitaji tukifika kwenye dawa.

Ugonjwa huu haufuati njia ya kipindupindu. Maji yakishateremka tumboni, kwa kawaida hadithi imeisha. Hatari iko pale maji yanapogeuka ukungu, yakawa matone madogo yasiyoonekana, mtu akayavuta pamoja na pumzi. Au pale mgonjwa dhaifu anapopaliwa na maji yakaingia njia ya hewa. Wala anayeumwa hamwambukizi anayemuuguza. Kwa miaka yote ugonjwa huu umejulikana, kimeripotiwa kisa kimoja tu kinachoelekea kuwa cha mtu kumwambukiza mtu, nacho kilitokea Ureno mwaka 2014. Kwa hiyo hakuna haja ya kumtengea mgonjwa sahani wala kikombe. Anayeoga kwa ndoo na kata naye yuko salama kuliko mwenye jakuzi, maana kata haitoi ukungu wa kutosha. Ni mara chache umaskini hupata alama katika mambo ya afya, tuuachie hii moja.

Ukungu huo hutoka mahali ambapo watu hawapadhanii. Mwaka 1999, kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi liliwashwa kama bidhaa ya kuonyeshwa tu. Hakuna aliyeoga humo. Watu walipita kando wakitazama, wakaenda zao. Wakafa 32. Miaka kumi kabla yake, huko Bogalusa katika jimbo la Louisiana, Marekani, watu waliugua kwa sababu ya mashine ya kunyunyizia mboga ukungu dukani ili zionekane mbichi. Nchini Uingereza, watafiti wa afya walikuta madereva wanaojaza maji matupu kwenye chombo cha kuoshea kioo cha mbele wanaugua zaidi kuliko wanaotia dawa yake maalumu. Madereva wa malori na mabasi ya mikoani wasikie hilo: chupa ile iko karibu na injini, maji yake ni ya moto moto siku nzima, na kila ukivuta kidude cha kuosha kioo unajipulizia. Dawa ya kioo haina gharama ya kutisha.

Jina la kitaalamu la ugonjwa huu, ugonjwa wa Legionnaires, linatokana na mkutano wa American Legion, chama cha wanajeshi wastaafu wa Marekani, uliofanyika Julai 1976 katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Walihudhuria zaidi ya 2,000. Waliporudi makwao wakaanza kufa, mmoja mji huu, mwingine mji ule, kila mmoja akizikwa kama mzee aliyekufa kwa homa yake mwenyewe. Daktari wa mji mdogo wa Bloomsburg, Ernest Campbell, ndiye aliyegutuka kwamba wagonjwa wake watatu wa mapafu wametoka kwenye mkutano uleule. Akaiarifu idara ya afya. Hesabu ilipofungwa, waliougua walikuwa 221 na waliokufa 34, wakiwemo watu ambao hawakuwa wanachama. Miezi ikapita wataalamu wakishuku mafua ya nguruwe na sumu za kila aina. Hoteli ikakimbiwa na wageni, ikafungwa Novemba mwaka huohuo. Ilikuwa mwishoni mwa Desemba ndipo Joseph McDade wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa alipoamua kuvirudia vioo vyake vya darubini alivyokwisha kuviweka kando, akamwona bakteria. Januari 1977 dunia ikatangaziwa.

Kinachoniuma zaidi katika habari ile ni kilichokuja kugundulika baadaye. Mwaka 1974, hotelini humohumo, wanachama wa chama kingine waliokutana hapo waliugua ugonjwa huohuo, na wengine wakafa. Hakuna aliyeunganisha. Kila daktari alikuwa na mgonjwa mmoja, kila familia ilikuwa na msiba mmoja. Kijidudu hakikuwa kigeni, ila hakuna aliyekuwa ameuliza swali linalostahili, tena la kawaida kabisa: wiki mbili zilizopita ulikuwa wapi?

Swali hilo uwe nalo mwenyewe, daktari asipouliza ulitaje. Dalili huanza kati ya siku 2 na 14 baada ya kuvuta ukungu ule, mara nyingi siku ya tano au ya sita. Homa kali, kutetemeka, misuli na kichwa kuuma, kikohozi ambacho mwanzoni huwa kikavu, pumzi kuwa fupi. Hadi hapo ni homa ya mapafu kama nyingine. Yapo mawili yanayotakiwa kumshtua anayeuguza: kuharisha, na akili kuchanganyikiwa. Mzee ambaye jana alikuwa anakukumbusha deni la mwaka juzi, leo anauliza hapa ni wapi.

Huku kwetu homa ya namna hii ina njia yake iliyozoeleka. Kipimo cha malaria kinasema hakuna, basi ni taifodi, au UTI, au vyote viwili kwa pamoja, na mgonjwa anarudi nyumbani na mfuko wa vidonge. Siku ya tatu hajapata nafuu, anatumwa mtoto duka la dawa akanunue amoksilini. Sasa rudi kwenye yale maelezo ya amiba. Amoksilini na ndugu zake, pamoja na sindano ya seftriaksoni inayochomwa sana wodini, hazimwezi lejionela, kwa sababu amejificha ndani ya chembe za mwili ambako dawa hizo haziingii vya kutosha. Zinazomfikia ni za jamii nyingine, kama azithromaisini au levofloksasini. Nimezitaja ili umuulize daktari, si ili ukazinunue. Levofloksasini hasa ina hatari yake katika nchi zenye TB nyingi kama zetu: huipoza TB kidogo, kikohozi kikapungua, makohozi yakapimwa yakaonekana safi, na mgonjwa akaendelea kuambukiza nyumba nzima huku akidhani amepona.

Marekani, kwa takwimu za kituo chao cha kudhibiti magonjwa, mgonjwa 1 kati ya 10 hufa. Kwa aliyeambukizwa akiwa tayari amelazwa ni 1 kati ya 4. Wanaolengwa ni waliovuka miaka 50, wavutaji wa sigara, wenye ugonjwa sugu wa mapafu, kisukari, figo au saratani, na kila ambaye kinga yake imeshuka kwa ugonjwa au kwa dawa. Kijana mwenye afya anaweza kuoga kwenye shawa ileile mwezi mzima asiugue, au akapata homa ya siku mbili tatu ikaondoka yenyewe. Ndiyo maana watu husema, mbona mimi nilikuwa hapohapo na sikuumwa? Hilo halithibitishi chochote.

Kwa hiyo ukimpeleka mzee hospitali na homa ya mapafu, usiishie kwenye "anakohoa na ana homa". Sema hivi: "Daktari, baba alisafiri, akalala hotelini siku tatu, amerudi Jumapili, homa imeanza Alhamisi. Alikuwa anatumia shawa ya chumbani. Ni mgonjwa wa sukari." Sentensi tatu. Taja pia kama alilazwa hospitali karibuni, kama aliogelea au aliingia jakuzi, kama kazini kwake kuna mtambo unaotoa ukungu, kama maji yalikatika mtaani siku kadhaa kisha yakarudi machafu. Kipo kipimo cha mkojo kinachotoa jibu haraka, ila kinatambua kundi moja tu la lejionela, lile linaloongoza kwa kuua. Jibu la "hakuna" halifungi mjadala. Makohozi nayo yachukuliwe mapema, kwa sababu bakteria aliyeoteshwa kutoka kwenye makohozi ndiye anayeweza kulinganishwa na aliyetolewa kwenye bomba, na hapo ndipo chanzo hukamatwa. Hospitali nyingi za wilaya hazina vipimo hivi, lakini daktari mwenye shaka anaweza kutuma sampuli juu, na anaweza kubadili dawa bila kusubiri jibu. Shaka hiyo inaletwa na maelezo yako.

Tukirudi nyumbani, anza na tangi. Liwe na mfuniko unaokaza. Kama lina mahali pa kivuli, liwekwe kivulini. Kama halina, liezekewe bati juu yake, ni kazi ya nusu siku ya fundi. Lisafishwe walau mara moja kwa mwaka, tope la chini litolewe lote, kuta zisuguliwe, litiwe klorini kabla ya kujazwa upya, na anayelisafisha avae barakoa nzuri, si kitambaa. Watu hupenda tangi kubwa kwa hofu ya mgao, na hofu hiyo naielewa, lakini familia ya watu watatu yenye tangi la lita 5,000 inaoga maji ya wiki mbili zilizopita. Klorini iliyotiwa na mamlaka ya maji ilishapotea zamani, na joto huipoteza upesi zaidi.

Maji ya moto yawe ya moto kweli. Hita yenye tangi iwekwe nyuzi 60, na bombani maji yatoke si chini ya 50 baada ya kuachiwa dakika moja. Wengi hushusha hadi 40 ili kuokoa umeme, na bila kujua wanafuga. Joto la 60 linaunguza ngozi kwa sekunde chache, kwa hiyo nyumba yenye watoto au wazee ifungwe valvu ya kuchanganyia karibu na bomba, joto lipungue pale mwishoni tu. Wenye hita za jua, ambazo Kenya zimejaa kwenye mapaa, wajue kwamba siku za mawingu maji hubaki kwenye uvuguvugu uleule wa hatari. Kile kifaa cha umeme cha kusaidizia kiwashwe mpaka maji yafike 60. Hita ndogo za shawa zinazochemsha maji yakipita hazihifadhi maji mengi, hilo ni jema. Kichwa chake ndicho cha kuangalia. Kila miezi mitatu kifunguliwe, kilowekwe kwenye siki usiku kucha, kisuguliwe kwa mswaki mkuukuu, kisuuzwe. Kikiwa kimechoka, nunua kipya.

Halafu kuna maji yaliyolala. Nyumba ya kijijini inayofunguliwa Krismasi kwa Krismasi, chumba cha mgeni, choo cha ofisini kilichofungwa kwa miezi, nyumba ya kupanga iliyokaa bila mpangaji. Ukifika, usikimbilie kuoga. Fungua madirisha. Fungua mabomba taratibu, uyaache yatiririke dakika kadhaa, ya baridi na ya moto. Shawa usiifungulie ikurushie usoni: toa kichwa, maji yamwagike moja kwa moja kwenye ndoo, au kifunge mfuko wa plastiki uliokatwa kona moja chini ili maji yatoke bila kurusha ukungu, kisha utoke nje. Mpira wa bustani ulioachwa juani, mwaga maji ya kwanza chini mbali na uso wako. Na fundi bomba akikata bomba la zamani akaliziba kwa kifuniko, mwambie alikate mpaka kwenye shina. Kile kipande kisichopitisha maji ni bweni la bakteria. Atakwambia, "Bosi, halina shida hilo." Mlipe akate.

Wenye hoteli nawawekea neno lao. Ufukwe wa Zanzibar na pwani ya Kenya zina msimu wa wageni wachache wakati wa masika, na hoteli nyingine hufungwa kabisa Aprili na Mei. Mabomba ya vyumba arobaini yanakaa na maji yaleyale ya uvuguvugu wiki sita, kisha Juni mgeni mwenye miaka 70 anafungua shawa. Chumba kisicho na mtu kifunguliwe maji kila wiki, hata kama hoteli imefungwa. Mhudumu mmoja na orodha ya vyumba wanatosha. Kabla ya kufungua msimu, mfumo wote uoshwe na utiwe klorini, joto la maji lipimwe kwenye vyumba vya mwisho wa bomba, si kile cha karibu na hita. Jakuzi lipimwe klorini na asidi kila siku, mara kadhaa kwa siku likiwa na watu. Haya yote yaandikwe kwenye daftari na tarehe na sahihi. Kama hujaandika, siku ya kuulizwa utakuwa hukufanya.

Kuulizwa kupo. Nchi za Ulaya zina mtandao wa pamoja wa kufuatilia ugonjwa huu kwa wasafiri, unaoendeshwa na kituo cha Ulaya cha kudhibiti magonjwa. Mgeni akirudi kwao akaugua, hoteli aliyolala huingizwa kwenye kumbukumbu. Wakijitokeza wawili kutoka hoteli moja ndani ya miaka miwili, hilo ni kundi, na nchi husika huarifiwa. Kwa njia hiyohiyo, kuanzia mwishoni mwa 2016 Ulaya iligundua kwamba idadi isiyo ya kawaida ya wagonjwa wake walikuwa wametoka kutembelea Dubai, japokuwa hawakufahamiana. Ndugu zetu wengi wako huko na Muscat na Doha katika kazi za matunzo ya majengo. Ukitumwa kusafisha mnara wa kupoozea, ile mitambo mikubwa ya juu ya ghorofa inayomwaga maji na kupuliza hewa, hakikisha feni zimezimwa na umevaa barakoa inayobana uso, ya kuchuja chembe ndogo. Msimamizi anayekuambia kitambaa kinatosha hajui anachosema.

Minara hiyo ndiyo inayoambukiza mitaa mizima. Ukungu wake husafiri kilomita kadhaa, na anayeugua huenda hajawahi hata kuliona jengo lenyewe. Kiangazi cha 2015, mtambo wa hoteli moja huko South Bronx, New York, uliwaambukiza watu 138 na kuua 16. Jiji lilipoanza msako halikuwa hata na orodha ya minara iliyopo, ikabidi itafutwe paa kwa paa. Agosti mwaka huohuo sheria ikapita: kila mnara usajiliwe, ukaguliwe, upimwe. Miaka kumi baadaye, 2025, Harlem ikaugua tena, watu 114, wakafa 7. Sheria bila mkaguzi ni karatasi. Hata hivyo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, zinazopandisha maghorofa na maduka makubwa kila mwaka, zingefanya vizuri kuanza na hiyo orodha sasa, kabla ya msako.

Hospitali ndiko ninakokuhofia zaidi, kwani waliomo ndani ni walewale dhaifu. Ukimuuguza mtu mwenye oksijeni, tazama ile chupa ndogo ya maji ambamo hewa hupita ikitoa mapovu. Ijazwe maji yaliyotakaswa ya hospitali, si ya bombani, na ibadilishwe, isiwe ya kuongezewa tu. Mashine ya kuvutia dawa ya pumu ioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, ikaushwe. Mwaka 2008 huko Kupro watoto wachanga waliambukizwa kwenye wodi yao kwa mashine ya kuongeza unyevu iliyotiwa maji ya bomba. Muulize muuguzi kwa heshima: "Dada, samahani, maji haya ya chupa ni yapi?" Muuguzi mzuri hatakasirika.

Limebaki la kutoa taarifa, na hapa Flint ndiyo darasa. Aprili 2014, mji huo wa jimbo la Michigan, Marekani, ulihamishiwa maji ya mto Flint ili kubana matumizi. Maji hayakutiwa dawa ya kuzuia kutu, yakaanza kula mabomba. Madini ya risasi yakatoka kwenye mabomba ya zamani, na chuma kilichomeguka kikaimaliza klorini njiani. Dunia inaikumbuka risasi. Lakini kati ya Juni 2014 na Oktoba 2015 watu wapatao 90 wa kaunti yenye mji huo waliugua lejionela na 12 wakafa. Maofisa walikuwa wanajua. Barua pepe zao za 2015 zilikuja kuonekana. Wananchi walitangaziwa na gavana tarehe 13 Januari 2016, wakati mlipuko ulishakwisha na waliokufa walishazikwa. Kwa muda wote huo mzee mwenye mapafu mabovu alikuwa anafungua shawa asubuhi, na daktari wake hakuwa na sababu ya kumpima. Sababu inayotolewa daima ni kutotaka kuwatia watu hofu. Siikubali. Tangazo lingewagharimu hofu ya wiki chache.

Kwa hiyo, ukijua watu wawili waliougua homa kali ya mapafu baada ya kukaa mahali pamoja, iwe hoteli, wodi, kiwanda au msiba, usianzie kwenye kundi la WhatsApp. Kumtaja mwenye hoteli huko kutaleta matusi na labda kesi, na mabomba yatabaki vilevile. Tanzania, mwambie mganga mfawidhi wa kituo ulichotibiwa au bwana afya wa kata, au piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kenya, nenda kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo, au mwambie mhamasishaji wa afya wa mtaa wako akupeleke. Mfumo wa ufuatiliaji wa magonjwa unaotumika katika nchi zetu unataka tukio lisilo la kawaida, kama kundi la watu wanaougua pamoja bila sababu kujulikana, lifikishwe wilayani ndani ya saa 24. Huhitaji kujua jina la kijidudu. Unahitaji majina ya wagonjwa, tarehe homa ilipoanza kwa kila mmoja, mahali walipokutana, na namba ya simu ya kuwapata. Mwenye jengo naye asikimbilie kumwaga klorini na kusugua kila kitu usiku ule ule kabla wakaguzi hawajachukua sampuli. Azime jakuzi na chemchemi, azuie shawa, asubiri.

Hakuna chanjo ya ugonjwa huu. Kama una mzazi mwenye kisukari au mapafu mabovu, leo jioni panda ukaangalie tangi lake, na akisafiri andika kwenye simu yako tarehe na mahali alipolala.